Gitaa la Kambo Tulilolipaka Vanishi

Solange mwanangu,

Mambo ya vidonge vya malaria, ya sweta, na ya kutokula samaki aliyelala siku mbili, mama mdogo wako ameshayaandika kwenye karatasi ya kijani aliyoitia mfukoni mwa begi lako. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho lori linakupeleka Kilwa, kule ziwani, kuanza kazi yako ya kwanza ya uuguzi, na kwa ile barabara utafika na vumbi mpaka kwenye meno. Sasa hivi umekwenda kuwaaga rafiki zako, jua bado lipo, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni nikuandikie jambo lililonikaa kooni miaka kumi na mitano, ulisome kabla hujalala.

Ni habari ya gitaa la kambo, babu yako, na ni habari ya kofi.

Nilidhani ningeweza kukuacha uende bila kuligusa jambo hili. Lakini mwezi uliopita jirani alikuletea mtoto wake mchanga, ukamwekea chombo chako cha kusikilizia kifuani, ukasikiliza mbele, ukasikiliza mgongoni, ukasema upande wa kushoto kuna kitu, apelekwe hospitali. Baba yake akasema ni mafua tu, watoto wote wa mtaa wana mafua. Nawe ukakunja chombo chako, ukaangalia chini, ukasema:

— Pengine nimesikia mubaya.

Siku mbili baadaye mtoto alikimbizwa hospitali akihema kama mbwa, pafu la kushoto. Amepona, Mungu ni mwema, lakini mimi sikupona. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kwako mara nyingi: shuleni, kwenye kwaya, ulipomsikia mwizi akikata nyavu za banda la kuku. Kila mara unasikia sawasawa, kisha unasema pengine umesikia vibaya. Najua ulikoyapata maneno hayo. Nilikupa mimi, kwa mkono wa kulia.

Wewe gitaa lile unalijua kama kitu kinachong'aa juu ya kabati. Acha nikueleze lilivyokuwa. Kambo wako, baba yangu, alikuwa mtu wa treni, na alilipata Sakania kwa fundi mmoja mzungu wa reli aliyekuwa akirudi kwao. Siku hiyo tayari lilikuwa la zamani. Lilikuwa dogo kuliko magitaa ya siku hizi, kiuno chembamba, ubavu wa mti mweusi, uso wa mti mweupe uliokwisha kugeuka rangi ya chai iliyokolea. Karatasi ya kiwanda iliyobandikwa ndani ilikuwa imeliwa na mende, zikabaki herufi nne, na baba alikataa katakata kubahatisha zilizobaki. Kwenye shingo alikuwa akifunga penseli kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti, na penseli hiyo ilikuwa imeacha mstari kwenye mti. Ubavuni kulikuwa na ufa aliouziba mwenyewe kwa gundi ya seremala. Chini ya tundu palikuwa na shimo dogo, kina cha kijiko cha chai, lililochimbwa na ukucha wake, kwa sababu alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha pili, kama walivyopiga watu wa hapa wa rika lake. Na pale ukingoni mkono wake ulipolala, jasho la miaka lilikuwa limefanya doa jeusi la upana wa kiganja.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, ya haraka, kila uzi ukisema lake na kunyamaza upesi ili mwenzake apate nafasi. Uzi mnene ulianza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Mtu akipita barabarani alijua ni gitaa la nani kabla hajaona nyumba.

Mimi nilikuwa mpiga chupa wake. Tangu nina miaka saba nilikaa kwenye kigoda karibu na goti lake, na chupa tupu ya limonadi na msumari mrefu, nikimgongea mwendo. Watu huona kupiga chupa ni kazi ya mtoto. Haya, wajaribu. Chupa inataka uzisikie nyuzi kabla hazijaguswa, na ukichelewa gitaa linakuumbua palepale mbele ya wageni. Nilimpigia baba mpaka nikaolewa, na baada ya kuolewa nilikuwa narudi kila Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo usije ukanionea huruma ukasema Mama hakuwa na sikio. Nilikuwa nalo.

Sasa jambo baya lenyewe. Baba alipougua, mimi ndiye niliyemuuguza, miezi saba. Nilimwosha, nilimgeuza, nilifua mashuka, na mtaa mzima ukanivika taji: eti mtoto wa namna hii haonekani siku hizi. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naona kinyaa. Ndiyo, kinyaa, baba yangu mzazi. Harufu ya godoro lile ilinifuata mpaka kwenye bukari. Nilikuwa namega tonge la ugali naisikia. Baada ya mazishi nilichoma godoro, nikatupa sahani yake, nikasugua ukuta wa chumba mpaka chokaa ikatoka. Gitaa likabaki limetundikwa na doa lake jeusi, na kila nilipolitazama niliona doa la godoro. Nawe utaosha watu, Solange, utaona vitu vitakavyokutia kinyaa, na wala usijilaumu. Mimi nilijikaza nikaficha, nikajifanya mtakatifu, na kinyaa kikangoja siku yake.

Siku yake ilikuwa kuondoa kilio. Unajua tunavyofanya mwaka ukitimia: watu wananyoa, nguo za msiba zinavuliwa, ukoo mzima unashona kitenge cha aina moja, nyumba inapakwa rangi, hata viti vya kukodi vinaoshwa, ili kila kitu kiwe kipya na marehemu aende zake kwa heshima. Siku kumi kabla, tonton wako Gaspard, kaka yangu, alisimama sebuleni na brashi ya chokaa mkononi, akanyoosha kidevu kuelekea ukutani.

— Dada, nyumba yote iko mupya, siye bote tutakuwa na pagne ya mupya. Na hii gitare itabakia na ile buchafu ya Papa? Bantu batatuseka.

Miaka mingi nimemtupia Gaspard mzigo huu. Nilikuwa nasema kichwani: ni yeye, ni mdomo wake mkubwa, ni tabia yake ya kuogopa watu watasema nini. Uongo mtupu. Kabla hajamaliza kusema, gitaa lilikuwa limeshashuka ukutani na liko mikononi mwangu. Nilikuwa nangoja mtu wa kunitamkia.

Nikapanda nalo basi mpaka Ruashi, kwa fundi anayeitwa Dédé, anayepaka magari rangi. Ungeniona nilivyolishika, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya mfu. Dédé akaligeuza, akapitisha kucha kwenye lile shimo.

— Mama, tutapiga kwanza ponçage, pale pote pakuwe sawasawa. Kisha vernis mara tatu. Itang'aa sawa motokari ya gouverneur!

Alichoita ponçage ni msasa. Akalilaza juu ya boneti la gari akaanza kulisugua, nami nimesimama pembeni. Mti wa gitaa la namna ile ni mwembamba, mwembamba sana, na ndiyo maana husema. Baba alikuwa akituambia hivyo kila mtu alipotaka kuweka glasi juu yake. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa pale. Nikamwacha asugue. Vumbi la kahawia lilidondoka kwenye kandambili za Dédé, vumbi lenye harufu ya tumbaku na ya mkono wa baba, na unajua nilifanya nini? Nilirudi nyuma hatua moja, lisinichafulie sketi. Halafu akaziba shimo la ukucha kwa mastiki ileile anayozibia magari yaliyogongwa. Nikamwambia asante.

Siku ya sherehe uliiona, lakini ulikuwa na miaka tisa na sijui umebaki na nini. Gitaa lilipotolewa ndani watu walipiga makofi kwa jinsi linavyong'aa. Eh, iko propre! Eh, Papa anaheshimiwa! Shangazi mmoja alijitazama kwenye ubavu wake akarekebisha kilemba. Gitaa akapewa Papa Ilunga, rafiki wa baba tangu siku za reli, ambaye hata leo ni yeye peke yake tunayemjua anayepiga kwa vidole viwili. Nami nilikuwa kwenye kigoda, chupa mkononi, mtu mzima na kitenge kipya, nikijiona binti mwema kuliko wote.

Papa Ilunga akapiga. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nyuzi zote zikasema kitu kimoja kwa pamoja, zikabaki zinavuma, hazijui kunyamaza. Ule mnene haukusafisha koo. Nilisikia, Solange. Nakuapia, nilisikia kabla ya mtu yeyote, msumari ukiwa bado haujagusa chupa. Na Papa Ilunga alisikia pia, kwa maana nilimwona kidole chake kikisimama hewani. Akalilaza gitaa magotini, akatazama watu wote na vitenge vyao.

— Iko muzuri ya kuangalia, akasema. Munipe mayi.

Mzee mzima, aliyekaa na baba miaka yote ile, akaomba maji! Nilimchukia kwa hayo maji. Nilimchukia zaidi kwa kuwa nilifurahi kwamba ameyaomba, maana mambo yangekwisha hapo. Ndipo wewe, uliyekuwa umeegemea goti langu, ukasema kwa sauti yako ya kawaida:

— Mama, gitare ya kambo haiseme tena. Iko nalala.

Kila mtu alisikia. Nikakupiga kofi ambalo lililia kuliko gitaa lilivyolia siku nzima.

— Funga kinywa! Unasikia mubaya!

Ukaweka mkono sikioni. Kofi lilikupata shavuni, lakini ukaweka mkono sikioni, na hiyo ndiyo picha ninayolala nayo. Gaspard akacheka, watu wakacheka, nyama ikaletwa. Mimi nikapiga chupa mpaka jioni, nikala mbuzi huku vanishi ikinipanda puani, na kila aliyeniambia nimemheshimu baba yangu nikamwitikia merci, merci. Nikikumbuka uso wangu wa siku ile, ule wa kupokea sifa, natamani kuutemea mate.

Kambo wako alikuwa ameshakuanzisha vidole viwili. Ulikuwa unakaa naye kitandani hata alipokuwa hawezi kulishika tena, akikuonyesha hewani, gumba, cha pili, gumba. Baada ya siku ile hukugusa tena gitaa, na hakuna aliyekuuliza kwa nini. Mimi niliwaambia watu mtoto amependa shule. Ulipoingia kwenye uuguzi nilijipongeza.

Halafu mwaka jana Papa Ilunga akatuletea yule mgeni wa kizungu anayezunguka akitafuta magitaa ya zamani. Ulikuwa umesimama mlangoni, nilikuona. Mgeni alimulika ndani kwa simu akaona zile herufi nne, akashika kifua. Akasema ni machache mno ya namna hiyo yaliyobaki duniani, na kwamba moyo ulimdunda tangu alipoona ubavu. Kisha akalipeleka dirishani. Akagonga uso wake kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akagonga tena. Akalinusa. Akalirudisha mikononi mwangu taratibu, kama unavyomrudishia mtu mtoto aliyejisaidia, akasema neno moja tu la masikitiko: dommage. Sikungoja hata amalize kutoka getini.

— Bazungu banapenda tu bintu bya bichafu, nilikuambia.

Ukajibu "ndiyo, Mama," ukaenda kuchota maji. Ungenipinga siku ile ningekubusu miguu. Lakini nani angekufundisha kunipinga? Nimekulea mwenyewe ukawa mtoto mtiifu, nikawa naitwa mama aliyelea vizuri.

Tangu mtoto wa jirani aliporudi kutoka hospitali, kila ukitoka nyumbani nimekuwa nikilikwangua gitaa. Seremala wa mtaa wa pili alinionyesha: unavunja kioo cha dirisha, unashika kipande kwa kitambaa, unakwangua kwa ukingo, polepole, kufuata mti. Nilitaka nikupe likiwa limepona. Nilijisemea ndani ya vanishi baba yumo, nikitoa ganda nitamkuta. Wiki mbili mwanangu, vidole vimekatika, nikakuambia ni kisu cha mboga. Ile vanishi inatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua, inanata, inaingia chini ya kucha, na harufu yake ikipata joto inaamka kana kwamba imepakwa jana. Nimekula chakula chenye harufu hiyo wiki mbili. Safari hii sikulaumu godoro la mtu.

Juzi nikafika kwenye mastiki. Nikaichokoa ikatoka nzima. Nilitegemea kukuta shimo la ukucha lina mistari yake, ile mikwaruzo midogo niliyokuwa nikiipapasa kwa kidole nikiwa mtoto. Hakuna. Dédé alikuwa amepiga msasa mpaka humo ndani. Ni laini kama sahani. Doa la jasho halipo, mstari wa penseli haupo, na ule uso sasa ni mwembamba mahali pasipotakiwa na mnene kwa gundi mahali pengine. Nikafunga nyuzi, nikagusa ule mnene. Bado umelala. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia kwa hasira, nikikichukia kila kitu, Ruashi, Gaspard, kitenge, mbuzi, na zaidi ya vyote mkono huu ninaoandikia.

Basi sikupi gitaa. Nilifikiri sana, nikaona kukupa ni kukutwika mzoga wangu uubebe mpaka Kilwa. Litabaki hapa, nusu linang'aa na nusu limechunwa, na anayeingia aulize.

Nitakachokupa ni cha kesho asubuhi. Unajua watakuja kukuaga: Gaspard na mke wake, mama mdogo, majirani, na Papa Ilunga atakayekuombea safari. Karibu wote ni walewale wa siku ya kuondoa kilio. Nimekwisha kumwambia Papa Ilunga ninachotaka. Akaniambia: "Mama, miye pia nilikunywa ile mayi miaka kumi na tano." Amekubali. Kabla ya sala nitamletea gitaa kwenye barza, mbele ya nyumba, atapiga wimbo mmoja wa kambo wako, na wimbo ukiisha nitakuuliza mbele ya wote: Solange, unasikia nini?

Huko Kilwa utakuwa peke yako na daktari aliyechoka, na baba wa mgonjwa anayetaka kurudi kuvua samaki, na sikio lako kwenye kifua cha mtoto. Watakuambia ni mafua. Sitakuwepo, na hata ningekuwepo, historia yangu unaijua. Ndiyo sababu nataka ulisemee sikio hilo kwanza hapa, nyumbani, mbele yangu.

Usiniangalie usoni kutafuta jibu. Usiseme pengine. Usinihurumie kwa sababu kuna wageni, mimi sikukuhurumia. Gaspard atataka kucheka, mwache, nitamshughulikia. Sema ulivyosema ukiwa na miaka tisa, kwa sauti yako ya kawaida, nami nitawaambia wote kwamba mtoto alisikia vizuri, na mama yake alisikia pia.

Na usiogope mkono wangu. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, nimeshika chupa na msumari.

Mama yako